Mhesabu Hewa wa Chombo cha Kwanza

Mwalimu aliwagawa wanadamu wote katika vyombo vitatu. Hakujali ukoo wa mtu, wala kanisa lake, wala kama ana ng'ombe au hana. Alikutazama ukiingia mlangoni mwa darasa, akaona unavyoweka chini kikapu chako cha kyondo na unavyotafuta mahali pa kukaa, kisha akasema, kwa sauti ya daktari anayetaja ugonjwa, "Huyu ni wa Chombo cha Pili." Mtu akishapewa chombo chake hakuhamishwa. Naibu wa chifu alikuwa wa Chombo cha Tatu na alikufa akiwa wa Chombo cha Tatu, ingawa mara mbili alituma watu kumwomba Mwalimu amfikirie upya.

Vyombo vyenyewe vilikuwa vya angani, na vilikuwa ndani ya televisheni. Nasema hivyo mapema kwa sababu wageni wakitusikia tukivitaja hudhani ni habari za meli au za sufuria. Na naeleza mapema pia kwa nini habari hizi zinanihusu. Tangu mwaka wa 1981 mimi ndiye ninayeshika fimbo ya kupimia maji ya silanga yetu, yaani lile bwawa la udongo tulilolichimba kwa mikono. Fimbo hiyo nilipewa kwa sababu ya mama mmoja aliyesimama kando ya mlango katika Chombo cha Kwanza. Mwaka wa 1989 nilikaribia kunyang'anywa kwa sababu ya mama huyo huyo.

Nilijiandikisha katika darasa la Mwalimu la watu wazima, hapa Kanyangi, Jumatatu tarehe 3 Septemba 1979. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, mjane wa miaka mitatu, na sikuweza kusoma jina la marehemu mume wangu kwenye msalaba nilioulipia mwenyewe. Televisheni ililetwa katika ukumbi tuliosomea Januari iliyofuata, tarehe 19, siku ya Jumamosi. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, pana kama kabati la vyombo, na iliendeshwa kwa betri ya lori. Tangu nilipoweza kuandika niliandika, na daftari ninazo. Anayebishana nami kuhusu tarehe huwa namwomba alete daftari zake.

Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni madirisha ya ukumbi yaliwekwa mablanketi, na Mwalimu alisimama upande wa kulia wa televisheni akiwa amevaa koti lake la sufu. Alilivaa koti hilo katika joto lililowafanya mbuzi wakatae kutembea. Mfuko wa kifuani ulikuwa na kalamu tatu, na moja tu ndiyo iliyokuwa na wino. Alipoulizwa kazi ya zile mbili nyingine alijibu kwamba hata nahodha hasafiri peke yake.

Michezo ile ilizungumzwa kwa Kiingereza, na ukumbini Kiingereza kilikuwa na mwenyewe mmoja. Mwalimu alitutafsiria kwa Kikamba, akionyesha kwa fimbo ya ubaoni ni nani anayesema. Nahodha akitamka maneno mawili, Mwalimu alizungumza mpaka nahodha akawa amekwisha kutoka chumbani. Nahodha akihutubia kwa dakika tatu, Mwalimu alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Amekataa."

Siku moja Mama Mwende, rafiki yangu ambaye tulikaa benchi moja na ambaye hakuogopa mtu, alimuuliza, "Mwalimu, kwani maneno ya Kiingereza hufura yakiingia kwa Kikamba?"

"Hufura," Mwalimu alisema. "Kama mahindi ya muthokoi jikoni. Sasa nyamaza, fundi anaongea."

Kwa tafsiri yake tulijifunza kwamba mabaharia wa angani walikuwa na mwethya, kazi ya pamoja kama yetu, kila Alhamisi, ambapo wote, hata daktari, waliinama pamoja kusafisha mitambo huku wakiimba. Tulijifunza kwamba nahodha amekataza mtu yeyote kulisha mifugo juu ya mkondo wa maji. Hatukuwahi kuona mfugo hata mmoja ndani ya chombo kile, lakini tulichukulia kuwa wamefungiwa chini.

Picha yenyewe haikuwa safi. Ilikuwa na chenga nyeupe zilizomiminika mfululizo kutoka juu hadi chini, na Mwalimu alikuwa ametueleza katika Jumamosi ya kwanza kabisa kwamba hiyo ndiyo anga. Tuliielewa hivyo. Chenga zilipokuwa nyingi tulijua chombo kinapita mahali pabaya, na akina mama walishikana mikono. Zilipopungua tulijua wamepata hali nzuri ya safari. Basi mnamo Mei 1980 akaja fundi kutoka Kitui mjini, kijana mwenye adabu, akapanda juu ya paa, akanyoosha antena na kukaza waya. Jumamosi hiyo picha ikawa safi na nyororo kama karatasi. Ukumbi ulinung'unika. Mzee Nzioka, mwenye ng'ombe sitini na kiti chake mwenyewe mbele ya mabenchi, alisimama akasema hakuacha mifugo yake ili aje kutazama watu waliokaa chumbani.

"Anga imeenda wapi?" aliuliza.

Fundi alieleza habari za mawimbi. Mzee Nzioka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kijana, irudishe."

Mwalimu ndiye aliyeamuru antena ipindwe tena, lakini hakuipinda yeye. Hilo ndilo la kwanza katika mambo yake yasiyopatana: mtu aliyetupeleka nyota kwa nyota kila Jumamosi hakuweza kupanda ngazi ya hatua sita. Alisimama chini, mgongo wake ukiwa umeelekea ukuta na macho ameyafumba, akipiga kelele, "Kushoto. Kushoto kidogo. Mmefika?" Mama Mwende ndiye aliyekuwa juu ya paa, kanga amefunga kiunoni, akijibu, "Mwalimu, mimi niko huku juu na wewe ndiwe unayetetemeka."

Jambo la pili ni saa. Alitufundisha kwamba mtu asiyejali saa hafai kupewa hata mlango wa kulinda, na alivaa saa kubwa ya mkononi. Lakini saa hiyo hakuirekebisha kwa redio kama watu wengine. Aliirekebisha kwa kipindi. Kipindi kikichelewa kwa dakika ishirini, Mwalimu alirudisha saa yake nyuma kwa dakika ishirini, na kwa juma zima alishikilia kwamba Kenya yote imetangulia. Jumapili tulimsubiri kanisani aje kusoma neno, kwa maana alikuwa mzee wa kanisa, naye aliingia wakati wa baraka za mwisho, bila haraka, akakaa mbele.

Mchungaji hakuvipenda vile vyombo. Alimkabili Mwalimu nje ya kanisa, sisi sote tukisikia. "Mwalimu, hawa watu wako husafiri huko juu kabisa. Je, wamewahi kukutana na Mungu?"

"Mchungaji," Mwalimu alisema, "mle ndani mna watu wanane na jiko moja, na hakuna anayeiba chakula cha mwenzake. Wewe unadhani wanasaidiwa na nani?"

Jumamosi iliyofuata mchungaji alikuja, akakaa karibu na mlango, na baada ya miezi miwili aliuliza kwa sauti ya chini yeye ni wa chombo gani.

Sasa nivieleze vyombo vyenyewe, nikifuata mpangilio wa insha niliyoiandika tarehe 6 Julai 1982, ambayo iliongezewa baadaye. Ilikuwa insha ya kwanza maishani mwangu. Mwalimu aliandika ubaoni: Linganisha nahodha wa Chombo cha Kwanza na nahodha wa Chombo cha Pili. Toa sababu tatu.

Nahodha wa Chombo cha Kwanza alikuwa mtu mnene ambaye hakukaa chini hata mara moja. Kiti alikuwa nacho, tena kizuri, lakini alikitumia kuwekea mkono. Alikuwa na fundi aliyetengeneza kila kitu kwa kukipiga ngumi, na daktari mzee aliyezimia akiona damu, ikabidi mgonjwa ashuke kitandani amlaze. Nahodha wa Chombo cha Pili, kilichoanza Januari 1982, alikuwa kijana aliyelia. Hakupita Jumamosi bila machozi. Alilia wakishinda, alilia wakishindwa, na mabaharia wake walilazimika kusubiri amalize ndipo wajue kama wamekufa. Akina mama wa kanisani walimpenda mno. Wazee wenye mifugo walisema mtu kama huyo angeuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Niliandika kwamba wa Kwanza ni bora, kwa sababu machozi hayaonyeshi njia. Kwamba hata hivyo wa Pili aliwajua watu wake wote kwa majina. Na kwamba wa Kwanza alikuwa na Mama Hewa. Mwalimu alinipa alama kumi na saba juu ya ishirini, akaandika pembeni: Sababu ya tatu peke yake ingetosha.

Chombo cha Tatu kilikuja baadaye, mwaka wa 1985. Nahodha wake alifariki katika kipindi cha kwanza, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwaambia abiria, mabaharia waliendelea kukizungumzia kiti chake kitupu, wakikiletea chakula na kukiomba ruhusa. Mwalimu alisema hicho ndicho chombo pekee kilichotungwa na mtu aliyewahi kuhudhuria mikutano ya ushirika wa pamba.

Siku ile ya insha alikuwepo mkaguzi wa elimu ya watu wazima, mgeni aliyevaa tai. Alisoma swali ubaoni mara mbili.

"Mwalimu, hawa ni wanasiasa?"

"Hapana, bwana. Ni mabaharia."

"Wa wapi?"

Mama Mwende akamjibu kutoka kwenye benchi, "Wa huko juu."

"Juu wapi? Mwingi?"

"Juu ya Mwingi."

"Tseikuru?"

"Pita Tseikuru, bwana," Mama Mwende alisema. "Uende tu."

Mkaguzi alisoma insha zetu zote ishirini na mbili. Alipofika mwisho akasema kwamba katika wilaya nzima hajaona darasa ambalo watu wazima wanabishana kwa maandishi. Alipokuwa akiondoka alimvuta Mwalimu kando, lakini si kando vya kutosha. "Na mimi?" aliuliza. Mwalimu alimtazama kuanzia viatuni. "Wa Pili, bwana." Ripoti ilikuwa nzuri.

Sasa Mama Hewa. Katika Chombo cha Kwanza, kando ya mlango mkuu, alisimama mwanamke mrefu mwenye kofia ndogo, mikono nyuma, kidevu juu. Kila mara kabla nahodha hajatoka, alimtazama mwanamke huyo. Mwanamke alisema neno moja au mawili. Mlango ukafunguka, nahodha akatoka. Mwalimu alitueleza kwamba huyo ndiye mhesabu hewa. Kazi yake ni kujua hewa iliyobaki ndani ya chombo, kila siku, kwa kipimo, na nahodha mwenyewe, pamoja na unene wake, haendi popote kabla mama huyo hajasema inatosha. Mwanamke yule alipotokea, benchi letu lilinyooka mgongo. Nilijifunza kusimama kama yeye nikiwa peke yangu nyumbani, mbele ya mbuzi wangu wanne.

Silanga tulianza kuichimba mwaka wa 1980, kwa mwethya, na katika kila watu kumi waliobeba udongo wanane walikuwa wanawake. Tulipomaliza, kamati iliyochaguliwa ilikuwa ya wanaume saba, wote wenye ng'ombe. Katika mkutano wa Alhamisi tarehe 5 Machi 1981 Mwalimu alisimama, koti lake likiwa limefungwa vifungo vyote, akasema kamati imesahau cheo kimoja.

"Nahodha tunaye," alisema, akimwelekea Mzee Nzioka, ambaye alikuwa mwenyekiti na hakuchukizwa. "Fundi tunaye. Mhesabu hewa yuko wapi?"

"Hapa hewa ni ya bure," mtu mmoja alisema.

"Lakini maji si ya bure. Nani atasema yamebaki kiasi gani? Nani atasema sasa ng'ombe basi, waende mto Athi, haya yaliyobaki ni ya kunywa watu?"

Wakasema kila mtu ana macho. Mwalimu akasema kila mtu ana macho, lakini mwenye ng'ombe sitini huona maji mengi kuliko mwenye mbuzi wanne. Kisha akanitaja. Palikuwa na kicheko. Mjane, wakasema, tena aliyejua kuandika juzi. Mwalimu alisubiri kicheko kikauke.

"Mmemwona yule mama kila Jumamosi kwa mwaka mzima," alisema. "Nahodha humtazama au hamtazami?"

Hakuna aliyeweza kukana. Mzee Nzioka mwenyewe alisema, polepole, "Humtazama." Nikapewa fimbo: urefu wa mtu na nusu, alama saba zilizochongwa kwa kisu kuanzia chini. Ikaandikwa kwamba maji yakifika alama ya tatu, ng'ombe hawaingii. Kila Jumatatu saa moja asubuhi nilishuka, nikaisimamisha juu ya lile jiwe la katikati, nikaandika.

Kwa miaka mitatu ilikuwa kazi ya heshima tu. Kisha mvua za Machi na Aprili 1984 hazikuja. Jumatatu tarehe 18 Juni maji yalikuwa alama ya tatu, na nikafunga lango la miba. Mzee Nzioka alifika adhuhuri na ng'ombe wake, na vumbi lao lilitangulia kufika.

"Mama Kioko," alisema, "toa miba."

"Mzee, ni alama ya tatu."

"Mimi ni mwenyekiti."

"Najua, Mzee."

"Athi ni mwendo wa siku nzima. Wengine watalala njiani wasiamke."

"Najua hilo pia."

Ng'ombe walikuwa wakilia kwa kunusa maji. Niliweka mikono nyuma na kuinua kidevu. Mzee Nzioka alinitazama. Kisha akamgeukia mchunga ng'ombe wake, akasema kwa hasira ya mtu anayetii, "Hata nahodha hupiga kelele. Lakini mlango ule hapiti." Akawageuza. Ng'ombe tisa hawakufika Athi. Lakini maji ya silanga yalinywesha nyumba arobaini mpaka mvua iliponyesha Novemba, na hakuna mtoto wa Kanyangi aliyezikwa kwa kukosa maji.

Mwalimu alistaafu Desemba 1985 akahamia kwa binti yake, ng'ambo ya Athi. Mimi niliendelea. Mwaka wa 1987 nilifanya mtihani wa darasa la nane, nikiwa na miaka arobaini na sita, dawati moja na binti wa dada yangu, na katika Kiingereza nilimpita. Naandika hili bila kuona haya.

Kiingereza hicho ndicho kilichoniumiza. Aprili 1989 nilikwenda Kitui mjini kumtembelea mwanangu Kioko, na Jumamosi jioni nikakuta wanarudia kuonyesha Chombo cha Kwanza. Televisheni yake ilikuwa safi, haina chenga hata moja. Nikaketi, nikaitegea sikio. Nahodha mnene alifika mlangoni, akamtazama yule mama.

"Fungua mlango," alimwambia.

"Ndiyo, nahodha," mama akasema, akabonyeza kitufe.

Nilidhani ni siku hiyo tu. Nikabaki kwa mwanangu juma moja zaidi, kwa kisingizio cha meno. Fungua mlango. Ndiyo, nahodha. Hewa haikutajwa. Mama Hewa alikuwa bawabu.

Nilirudi Kanyangi nikanyamaza. Lakini sikuwa mtu pekee mwenye Kiingereza. Mutuku, mtoto wa Mzee Nzioka, alikuwa karani Machakos na sasa amerudi kuwaangalia ng'ombe wa baba yake. Naye alikuwa amekitazama kipindi. Mwezi wa Mei alianza kusema sokoni, kwa furaha, "Miaka minane ng'ombe wetu wanafungiwa maji na bawabu." Watu walicheka. Mkutano wa kamati ukaitwa Jumamosi tarehe 10 Juni, na jambo la kwanza lilikuwa kufuta cheo cha mhesabu maji.

Jumatano tarehe 7 nilivuka Athi. Nilimkuta Mwalimu upande ule wa Makueni, ambao wakati huo bado ulikuwa Machakos, ameketi sebuleni kwa binti yake akiwa na koti lile lile. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu. Televisheni ilikuwepo, imefunikwa kitambaa kilichofumwa, na juu ya kitambaa palikuwa na kibuyu cha uji.

"Nani?" aliuliza.

"Mama Kioko."

"Wa Chombo cha Kwanza. Karibu. Najua hutakaa."

Nilikaa, ili nimwonyeshe. Nilikuwa nimetembea nikipanga maneno makali, na yote yakaja kuwa swali moja. "Mwalimu, yule mama alikuwa akihesabu hewa?"

Hakujifanya kusahau. "Alikuwa akifungua mlango."

"Basi kwa nini ulituambia vile?"

"Kiingereza cha yule nahodha nilikuwa nakisikia nusu," alisema. "Alizungumza kama mtu mwenye chakula mdomoni. Ile nusu nyingine nilikuwa natazama benchi lenu. Na yeye nahodha, kila akitoka, anamtazama mama huyu. Nikajiuliza, mtu anayetazamwa hivyo na mkubwa wake anawezaje kukosa kazi? Nikamtafutia."

"Umenitafutia mimi aibu. Jumamosi wananinyang'anya fimbo."

"Nani?"

"Mutuku wa Nzioka. Anasema yule ni bawabu, na ni kweli."

Mwalimu alitoa zile kalamu tatu mfukoni, akazipapasa moja moja, akazirudisha. "Jumamosi ya mwisho," alisema. "Unaikumbuka?"

Naikumbuka: tarehe 26 Desemba 1981. Nahodha alipita haraka, chombo kikaingia mahali peupe, picha yote ikawa nyeupe, na maandishi yakapanda. Ukumbi ulimgeukia Mwalimu. Kwa mara ya kwanza hakutafsiri. Alisema tu, "Hawaonekani tena." Jumamosi iliyofuata tulikuta chombo kingine na yule kijana analia.

"Siku ile nilitaka mama aseme hewa haitoshi," Mwalimu alisema. "Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo. Lakini nahodha alimpita bila kumtazama, nikakosa pa kumwingiza. Mimi sikuwa mwongo, Mama Kioko. Nilimsemea tu pale alipotazamwa."

Binti yake alileta chai, akamshikisha kikombe mkononi.

"Waambie ukweli," Mwalimu alisema. "Waambie chombo kile hakikuwa na mhesabu hewa hata mmoja. Halafu uwaulize kilifika wapi." Akanywa. "Maji yako ni alama ya ngapi?"

"Ya sita, Jumatatu."

"Ya sita kamili?"

"Pungufu kidole kimoja."

"Basi sema pungufu kidole kimoja," alisema, na hilo ndilo neno la mwisho nililosahihishwa naye. Alifariki mwaka uliofuata, mwezi Februari.

Jumamosi Mutuku alisema yake, vizuri, akiwa amesimama katikati. Walipomaliza kucheka nilisimama nikasema kwamba amesema kweli, kwamba nimesikia kwa masikio yangu, na kwamba mama yule alikuwa bawabu. Kicheko kilikosa pa kukaa. Kisha nikauliza kama Mwalimu alivyonituma: chombo ambacho hakikuwa na mhesabu hewa, kilifika wapi?

Siku ile ya mwisho Mutuku hakuwepo ukumbini. Alikuwa Machakos.

Mzee Nzioka, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo na hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote, alisema kutoka kwenye kiti chake, "Nahodha alimpita yule mama bila kumtazama. Mimi nilikuwa mbele. Nilisema siku ile ile: huyu amempita."

"Baba, ni mchezo wa televisheni," Mutuku alisema. "Ni watu wamevaa nguo."

"Nilipoteza ng'ombe tisa katika mchezo huo," baba yake alimwambia, "na wewe mdogo wako yu hai. Mpe Mama Kioko fimbo yake."

Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya Mutuku. Aliichukua, akaja nayo mpaka niliposimama, na kabla ya kuiachilia akanitazama.

Jumatatu tarehe 12 Juni, saa moja asubuhi, maji yalikuwa alama ya sita, pungufu vidole viwili.